Aliyeipata Picha ya Tiriri

Sogeeni karibu, na mwenye swali aulize sasa hivi, kwa sababu nikifika mwisho mimi ndiye nitakayeuliza, na nyinyi ndio mtakaojibu.

Katika milima ya Taita kuna kijiji kinachoitwa Mwalenga, na juu ya kijiji kuna msitu wenye jina hilohilo. Si msitu mkubwa. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuuzunguka wote kwa nusu siku. Lakini maji tunayokunywa yanatoka humo, na humo anaishi ndege mmoja mdogo wa kijivu, mwenye kifua cheupe na mkia mwembamba, ambaye sisi tunamwita tiriri kwa sababu ya sauti yake. Ni mdogo kiasi kwamba ukimfumbata ngumi haijai. Mimi jina langu ni Mwangeka. Nilikuwa fundi wa mabomba ya maji kwa miaka mingi, na mambo haya yalipotokea nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu. Ningependa kusema nilikuwa mtazamaji tu. Mtasikia wenyewe.

Hadithi yenyewe ina watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mshai, ambaye tulimwita Mama Malemba kwa jina la mwanawe. Kipawa chake kilikuwa masikio. Akiwa amechuchumaa anakama ng'ombe, mgongo umeelekea mlima, angekwambia ni ndege gani ametua kwenye mkaratusi wa jirani, kama ni dume au jike, na kama ana njaa au ana hofu. Hakuna aliyemfundisha. Alisema yeye alishangaa kwamba watu wengine hawasikii.

Wa pili ni Mwashighadi, fundi. Kipawa chake kilikuwa mikono. Alikuwa na kibanda kule Wundanyi, na ndani ya kibanda kulikuwa na redio, saa, cherehani na kamera za watu, na mashine ndogo ya kukereza chuma aliyoipenda kuliko vitu vyote. Kitu kikikosa spea, aliichonga spea. Ukimwambia haiwezekani, kesho yake ulikuta imewezekana.

Wa tatu ni Wughanga, mpiga picha za harusi na za shule. Huyu kipawa chake kilikuwa kungoja. Wapiga picha wengine hupiga makelele, "Cheka, mama! Tazama huku!" Yeye alikaa nyuma ya kamera yake kimya mpaka watu wakasahau kwamba yuko, na hapo ndipo alipobonyeza. Ndiyo maana kwenye picha zake watu walikuwa wao wenyewe.

Basi, mwaka mmoja mwezi wa Oktoba, ikaja habari kwamba kampuni moja ya mbao imeomba msitu wetu. Walitaka kuufyeka na kupanda misonobari. Tulipinga, tukaandika barua, tukasema habari za maji. Wakubwa waliokuwa wakishughulikia ombi hilo wakatujibu kwamba maji yatapimwa baadaye, lakini kuna jambo moja linaloweza kuuzuia mkono wa kampuni mara moja: kama tiriri bado anazaa katika msitu huo. Wataalamu walikuwa wameandika kwamba hajaonekana Mwalenga kwa miaka kumi na mitatu. Tukisema yupo, tulete picha. Na iwe picha ya ndege akiwa kiotani, si akipita tu. Tulipewa hadi siku ya mwisho ya Novemba.

Nikaenda kwa Mama Malemba. Nilimkuta anapanga majani ya ng'ombe.

"Mama Malemba," nikamwambia, "unajua tiriri anakotaga?"

Aliendelea kupanga majani. "Niulize jambo lingine, mwenyekiti."

"Sina jambo lingine. Wakifyeka msitu, bomba la kijiji litatoa upepo."

"Najua."

"Basi?"

Alisimama, akatazama nyuma ya nyumba kuhakikisha hakuna mtu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tiriri anataga kule bondeni, hatua mia moja kutoka kwenye tanuri la mkaa la Mwaluma. Mimi humpelekea chakula. Ndivyo nilivyokisikia kiota. Nikikuonyesha kiota, nimekuonyesha na tanuri."

Mwaluma alikuwa mumewe. Sote tulihisi kwamba anachoma mkaa mahali fulani, lakini hakuna aliyetaka kujua ni wapi. Nilimwuliza Mama Malemba kwa nini asimwombe avunje tanuri. Akasema amemwomba miaka mitatu, na juzi alipomwomba tena, mumewe alimwuliza kama ndege atamlipia karo ya mtoto.

Hapo ndipo nilipomwambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani mwangu mara nyingi. Nilimwambia, "Hakuna atakayemgusa Mwaluma. Mimi ndiye mwenyekiti. Neno langu."

Asubuhi iliyofuata alitupeleka, mimi na Wughanga. Tulitembea saa nzima kwenye matope. Katikati ya bonde alisimama, akafumba macho, akainua kidole. Mimi nilisikia maji tu na matone kwenye majani. Yeye alikuwa ameshasikia. Alituelekeza macho yetu taratibu, shina hili, tawi lile, jani lile lililokunjika, na pale tukaona kifuko kidogo cha ukoga wa miti kilichofungwa kwa utando wa buibui. Ungepita mbele yake mwaka mzima usikione.

Wughanga akapiga hatua kwenda mbele. Mama Malemba akamshika mkono.

"Hapana, binti yangu. Akikuona karibu atakiacha kiota, na akikiacha harudi."

Akaanza kurudi nyuma huku akihesabu, akisikiliza kila hatua, mpaka sitini. Akachora mstari kwa kisigino. "Hapa. Ukipita hapa mimi naondoka, na sitawaonyesha kitu tena."

Mapema nimalize habari yake, ingawa ilitokea baadaye. Wataalamu walipokuja kuhakikisha mahali, waliona visiki na jivu. Waliuliza. Waliandika. Mwaluma alichukuliwa akafungwa mwaka mmoja na nusu. Neno langu halikuwa na uzito wa unyoya. Wakwe zake Mama Malemba walitoa vyombo vyake nje, sufuria juu ya godoro, mvua ikinyesha, na wakamwambia arudi alikozaliwa, ambako wazazi walishakufa na shamba limeshagawanywa. Malemba mwenyewe, mwanawe, alikuwa Voi. Alimtumia mama yake ujumbe wa maneno mawili: "Usinipigie simu."

Turudi msituni. Wughanga alikuwa na kamera nzuri ya kisasa, lakini lenzi zake zilikuwa za harusi, za kupiga mtu aliye mbele yako. Kwa bahati padri mmoja mpenda ndege, aliyekwisha kufariki, alikuwa ameacha sanduku parokiani, na ndani yake mlikuwa na lenzi kuukuu ya milimita mia nne, ndefu kama mkono wa mtoto na nzito kama jiwe la kusagia. Mwashighadi aliipangusa na kuifunga kwenye kamera kwa kipande cha mpira. Wughanga akapiga picha kutoka kwenye mstari wa Mama Malemba. Tukaipeleka.

Jibu lilirudi baada ya siku nne. Waliandika: "Doa hili laweza kuwa jani."

Na kweli lilikuwa doa. Hatua sitini kwa ndege wa ukubwa ule ni mbali mno. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano.

Katika sanduku lilelile la padri kulikuwa na kitu kingine ambacho hatukukijali mwanzo, kipande kifupi cha vioo ndani ya chuma, mfano wa kikombe kisicho na kitako. Mwashighadi alikijua. Kinaitwa konvata. Hufungwa katikati, baina ya kamera na lenzi, na kazi yake ni kuikuza picha maradufu, kwa hiyo lenzi ya mia nne inakuwa ya mia nane. Lakini kinachukua malipo yake hapohapo: kinakula mwanga. Kati ya sehemu nne za mwanga kinakuachia moja. Na cha kwetu, zaidi ya hayo, kilikuwa kimeota kuvu ndani ya vioo, na mdomo wake haukulingana na kamera ya Wughanga.

"Kuvu naitoa," Mwashighadi alisema. "Tatizo ni mdomo. Inatakiwa pete ya shaba nyeupe au ya njano, na unene wake usizidi wala kupungua hata kwa unywele. Ikizidi, ndege wa mbali haonekani wazi kamwe."

"Siku ngapi?"

"Nipe wiki mbili."

"Nakupa siku tatu."

Nilimletea vali kuukuu ya bomba, ya shaba ya njano, niliyokuwa nayo tangu kazini. Siku ya kwanza alivifungua vioo vya konvata, akavisafisha kimoja kimoja kwa pamba na spiriti mpaka vikawa kama hewa. Siku ya pili akaanza kukereza pete. Mimi nilikuwa mlangoni pake asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu nilisimama kando ya mashine yenyewe.

"Mwenyekiti," aliniambia, "ukiendelea kusimama hapo nitakosea."

"Sisemi kitu."

"Unatazama saa."

Nilikuwa ninatazama saa. Alicheka kidogo, akainama, na wakati huohuo mashine ilinasa kitambaa alichokuwa ameshika na kuvuta mkono wa kulia. Ilikuwa haraka sana hata hakupiga kelele. Nilipoizima mashine, kidole gumba kilikuwa hakifai kutazamwa.

Zahanati walikifunga, hospitalini wakakikata. Lakini kabla ya hospitali, sikilizeni hili, alirudi kibandani na bandeji yake, akaishika ile pete kwa mkono wa kushoto, akailainisha kwa msasa mpaka ikaingia kwenye kamera na kulia tik. Akampa Wughanga. "Usiiangushe," akasema. "Sitaweza kuchonga nyingine."

Na hakuweza. Fundi wa saa na kamera asiyekuwa na kidole gumba hashiki bisibisi, wala hashiki skrubu. Miezi miwili baadaye kibanda kilifungwa. Mashine ya kukereza ikachukuliwa na mtu wa Mwatate. Siku walipoipakia kwenye pikapu Mwashighadi alisimama ng'ambo ya barabara na mikono yake mfukoni.

Sasa Wughanga. Alijenga kibanda cha magunia na matawi kwenye mstari uleule, akafunga lenzi juu ya stendi ya miguu mitatu, akaning'iniza jiwe chini ya stendi isitikisike. Konvata ilipofungwa, kiota kilijaa kwenye kioo. Makinda mawili yalionekana midomo. Lakini giza! Msitu wa ukungu una mwanga mdogo, na konvata ilikula sehemu kubwa ya huo kidogo. Ili picha iingie, kamera ilihitaji kufungua jicho lake muda mrefu, na katika muda huo ndege akipepesa bawa moja tu, unapata moshi badala ya ndege. Ilibidi ukungu upande, jua lipate tundu, tiriri atue, na atulie, yote kwa wakati mmoja.

Alingoja siku tisa. Aliingia kabla hapajapambazuka na kutoka jua likizama, kwa sababu Mama Malemba alisema ndege akiona mtu anaingia na kutoka mchana atahama. Simu aliizima siku zote tisa, isije ikalia. Alikula mihogo baridi na hakukohoa. Siku ya nne alipiga picha sitini, zote moshi. Siku ya tano hakupiga hata moja.

Baba yake Wughanga alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Tulikuwa tumemzoea akiwa mgonjwa, msinielewe vibaya. Kuanzia siku ya sita alizidiwa, lakini Wughanga hakujua, maana akirudi jioni alilala kwangu, karibu na msitu, nyumba yao ikiwa ng'ambo ya pili ya mlima. Siku ya saba kaka yake, Mwakisha, alinijia mchana, akitoka jasho.

"Mzee, dada hapokei simu. Baba anamwita. Mwambie aje leo."

"Nitamwambia," nikajibu.

Nilipanda mpaka nikaona magunia ya kibanda chake. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua na mwanga kupenya. Nilisimama pale nikahesabu siku zilizobaki, zilikuwa tatu. Nikajiambia, mzee amewahi kuzidiwa akapata nafuu. Nikajiambia, akitoka sasa, ndege atamwona. Nikageuka nikashuka. Jioni Wughanga alipokuja kula nilimwuliza kuhusu mwanga.

Siku ya tisa, yapata saa nne asubuhi, ukungu ulipanda. Tiriri alikuja na kiwavi mdomoni, akatua ukingoni mwa kiota, na kabla ya kumpa kinda, alitulia kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo mlangoni. Wughanga alibana pumzi akabonyeza mara nne. Picha tatu zilikuwa moshi. Ya nne ilionyesha kila unyoya, na miguu ya kiwavi pia.

Alitoka msituni anakimbia. Mimi na Mwakisha tulikuwa tumesimama njiani, kwa kuwa Mwakisha alikuwa amefika muda huohuo. Wughanga hakumtazama usoni. Aliinua kamera juu akasema, "Nimempata! Kaka, nimempata!"

"Baba amefariki jana asubuhi," Mwakisha akasema. "Siku mbili anauliza uko wapi. Mzee hapa hakukwambia?"

Wughanga alinigeukia. Mimi nilikuwa nikiitazama kamera, na hapo alielewa. Alishusha kamera taratibu, akaiweka kwenye majani, akaketi chini kando yake. Kaka zake hawakumruhusu atie udongo kaburini. Walimwambia aendelee na ndege wake. Tangu siku hiyo nyumbani kwao hafiki.

Picha ilipokelewa. Mwezi wa Februari kampuni ya mbao iliambiwa itafute mahali pengine. Kijiji kilicheza ngoma. Na siku hiyohiyo ikaja barua ya pili, ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Ilisema kwamba msitu wa Mwalenga utakuwa na mlinzi wa kudumu, mmoja, mwenye mshahara, na nyumba ya mawe ya vyumba viwili langoni. Na kwa shukrani, kazi hiyo itapewa, nasoma neno kwa neno, "mwenyeji aliyeipata picha". Kamati ya msitu ipeleke jina.

Nilienda mwenyewe kuomba wawe watatu, au wapokezane. Nilijibiwa kwamba nafasi ni moja na nyumba ni ya mwajiriwa peke yake. Basi niliwaita wote watatu shuleni, mchana, mbele ya kamati. Nilidhani watu waliofanya kazi pamoja namna ile watapatana.

Mama Malemba alisema kwanza, kwa upole. "Mimi sina mahali pa kulala. Nalala jikoni kwa watu. Kama si mimi, mngepiga picha ya majani mpaka leo."

Mwashighadi aliuweka mkono wake wa kulia juu ya dawati la mwanafunzi, hatukuweza kutotazama. "Kiota mlikuwa nacho," akasema. "Mkapeleka doa, mkachekwa. Kilichogeuza doa kuwa ndege ni hiki kidole. Na mlinzi hahitaji gumba ili atembee. Ni kazi pekee niliyobakiwa nayo."

Wughanga alikuwa amekaa dirishani. "Barua inasema aliyeipata picha," akasema. "Nani aliyeipata? Nani alikuwa ndani ya gunia? Mama alionyesha siku moja. Fundi alichonga siku tatu. Mimi nilikaa tisa, na baba yangu alikuwa ananiita."

"Siku moja?" Mama Malemba akasema. "Unaihesabu siku moja? Mume wangu anahesabu mwaka na nusu."

"Mume wako alikuwa mwizi wa miti."

"Na baba yako alikuwa mzee!"

Neno hilo likatoka, na halikurudi. Mama Malemba mwenyewe aliziba mdomo kwa kanga. Mwashighadi akasema wanawake hawa wanagombania kazi yake, Wughanga akamwambia kwamba mashine ilimkata yeye kwa uzembe wake. Sijui kama mmewahi kuona watu watatu wazuri wakichafuka kwa robo saa. Waliondoka mbalimbali; kama wangaliweza, kila mmoja angetoka kwa mlango au dirisha lake.

Kamati ilipiga kura, ikagawanyika sawasawa, na wakasema mwenyekiti aamue. Nami sikuamua. Machi ikapita, Aprili ikaja na mvua. Msitu haukuwa na mlinzi.

Ile picha ilikuwa imeenea. Watu wakaanza kuja na magari na lenzi nene kama mabomba niliyokuwa nikiyafunga zamani, na konvata mpya zilizotoka dukani. Wengi walikuwa na adabu. Lakini tiriri walipojenga kiota cha pili, si mbali na kile cha kwanza, walikuja wanaume watatu ambao hatua sitini hazikuwatosha. Mwanga ulikuwa mdogo, wakataka kusogea ili wavue konvata wapate mwanga. Wakakata matawi yaliyokuwa mbele ya kiota ili waone vizuri. Walikaa asubuhi moja, wakaondoka na furaha yao.

Mama Malemba ndiye aliyegundua. Alipita njia ya juu akitafuta kuni, akasimama. Alinijia akaniambia, "Bonde liko kimya." Tukaenda. Kiota kilikuwa peupe, jua linakipiga, na ndani mlikuwa na mayai mawili, baridi kama kokoto. Tulingoja mpaka jioni. Hakuna aliyekuja.

Nilidhani jambo hilo litawaunganisha. Mwashighadi alisema, "Ningekuwa mlinzi, wasingepita." Wughanga akasema vivyo hivyo, sehemu nyingine, kwa mtu mwingine. Na Mama Malemba alisema, akinitazama mimi, "Mngenipa nyumba ile langoni, ningewasikia." Kila mmoja alisema kweli.

Wiki iliyopita ilikuja barua ya tatu. Kama jina halijafika Jumatatu, ataletwa mlinzi kutoka mbali, mtu asiyejua bonde, asiyejua tiriri anaimbaje. Tiriri mmoja amesikika tena, upande wa chemchemi. Mmoja tu. Mama Malemba anasema ni jike na anaita.

Watu wananiambia, mwenyekiti, wewe unawajua wote, amua. Mimi ndiye nisiyefaa. Nilimpa Mama Malemba neno ambalo sikuwa na uwezo nalo. Nilisimama karibu na mashine ya Mwashighadi. Niliuweka mfukoni ujumbe wa baba anayekufa. Nikichagua mmoja, sitajua kama nimempa haki yake au nimelipa dhambi yangu. Kwa hiyo nimekuja kwenu, ambao hamna deni na yeyote kati yao.

Bila masikio, kiota kisingejulikana. Bila mikono, ndege angebaki doa. Bila kungoja, pete ya shaba na kiota vyote visingefaa kitu. Wa kwanza amepoteza nyumba na mwana, wa pili kidole gumba na kazi, wa tatu baba na ndugu. Msiniambie nigawanye, nimeshauliza. Msiniambie wapatane, hawasalimiani. Fomu ina mstari mmoja, na kesho ni Jumatatu.

Je, wewe ungeandika jina la nani?